Maji ya Daraja la Kwanza

Semeni mnavyosema. Mie Naima, mjane wa Mwinjuma, nimeshasemwa mpaka masikio yameota sugu. Wengine wanasema nilikula na watu wa Mfuko. Nile nini, na jino la kutafunia lenyewe limebaki upande mmoja? Wengine wanasema bibi wa watu kaingiwa na wazimu mbele ya mgeni rasmi. Sasa leo nasema mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke, ila asiondoke kabla sijamaliza.

Kisima chenyewe ni sadaka. Mwinjuma alipofariki, ndugu zake walitaka arobaini ya kuchinja ng'ombe. Nikasema hapana. Pilau watu watakula, watachokonoa meno, wataondoka. Nikachimbisha kisima hapa uani kwangu, Mtaa wa Mfenesini, ndani ndani huku nyuma ya Chamazi. Nikaweka pampu na simtanki, bomba nikalitoa nje ya ukuta ili mtu achote bila kubisha hodi. Bure. Kila ndoo inayochotwa, thawabu inamfikia marehemu kaburini. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo ninavyoamini. Fundi akaandika kwenye tanki kwa rangi ya buluu: SADAKA YA MWINJUMA.

Tatizo ni kwamba mtaa wetu ni mteremko, na mie niko chini. Juu yangu kuna nyumba saba, na kila nyumba ina choo cha shimo. Kilicho karibu zaidi ni cha Polikarpo, Mmakonde wangu, mchonga vinyago, jirani mwema asiye na neno na mtu. Kutoka choo chake mpaka kisima changu ni hatua kumi na nane, nimezihesabu. Masika yakija, yale mashimo yanajaa, na vilivyomo vinajua njia. Maji ya kisima yanageuka rangi kidogo, yanakuwa na kaharufu.

Basi kila nyumba ilikuwa inachemsha. Hata mie. Tulikuwaga hatusemi tu. Maji ya sadaka utayasemaje? Mtu anachota, anamwombea marehemu, akifika kwake anabandika sufuria jikoni, na heshima zinabaki pale pale.

Masika ya mwaka juzi Marietha, mke wa Polikarpo, aliishiwa mkaa siku mbili. Siku mbili tu. Akashikwa na homa ya matumbo, na mimba ya miezi mitano ikatoka. Nilikaa naye wodini. Alinishika mkono, akalia mpaka akalala, na hakusema neno hata moja kuhusu maji. Afadhali angenitukana. Nilirudi nyumbani nikalitazama lile tanki, na kwa mara ya kwanza maandishi yale yalinitia uchungu.

Mwaka jana ndiyo ukaja Mfuko. Jina lake refu, Mfuko wa Umma wa Kulinda Maji ya Ardhini na nini na nini, sie tukauita Mfuko. Akaja bwana mmoja kijana, Theonest, Mhaya, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola, akatuita kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Akasema serikali imetenga fungu. Kwa kila mtaa kitapimwa kisima kimoja kinachotumiwa na watu wengi. Kikikutwa kichafu, kinapigwa alama nyekundu, na mtaa ule unaingia kwenye orodha: vyoo vya juu vinajengewa mashimo ya kisasa yasiyovuja, kisima kinazibwa vizuri, kinawekewa dawa. Kikikutwa safi, basi, hongereni.

Alieleza vizuri na mie sikuwa kiziwi. Kuchafuka ndiyo kupata. Polikarpo alipiga makofi mpaka akasimama. Mwenyekiti wetu, Abdulrahman, akanigeukia mbele za watu wote, akasema, "Bi Naima, mtaa mzima tunakutegemea wewe."

Nikasema inshallah.

Lakini nyie mnaijua alama nyekundu hapa mjini kwetu. Ukuta ukipigwa X nyekundu ya kubomolewa, mwenye nyumba anaanza kufungasha vyombo. Mie nilihama Jangwani kwa X nyekundu. Na sasa X hiyo hiyo ije ikae juu ya jina la Mwinjuma? Mume wangu aliishi miaka sitini na minane hajadaiwa sigara dukani. Halafu kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Wakipima wakasema maji haya ni sumu, basi mtoto wa Marietha kafa kwa sadaka yetu. Itasomwa kwa sauti ofisini. Na huko kaburini Mwinjuma anapopelekewa thawabu, atapelekewa na hilo. Nilikuwa sipati usingizi.

Theonest akaja kuchukua sampuli siku ya Alhamisi asubuhi, na lile boksi lake la barafu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Pampu kimya, tanki kavu, watu walishachota mpaka tone la mwisho. Kijana akasimama pale, anaangalia saa.

"Shikamoo mama. Sasa nitafanyaje, nina mitaa mitano leo."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza, unywe maji."

Nikampa maji ya mtungini. Sasa mtungi wangu mie naulea. Maji nayachemsha, nayaacha yapoe, nayachuja kwa kitambaa cha melimeli mara mbili. Mtungi wenyewe naufukiza ubani na mastaki, naugeuza juu ya chetezo mpaka moshi uingie kila mahali, ndipo namimina. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake. Mgeni kwetu hapewi maji ya hivi hivi.

Akanywa, akafumba macho. Akaongezwa. Akanywa tena.

"Mama, haya maji ni ya kisima hiki hiki?"

"Ya hiki hiki."

"Basi nijazie na chupa zangu, nisije nikarudi bure."

Haya, niambieni, uongo wangu uko wapi? Aliuliza yametoka wapi, nikajibu yametoka wapi. Hapo katikati yalipitia wapi hakuuliza. Nikazichukua zile chupa mbili, nikajaza mpaka shingoni. Nikamfungia na kashata za njiani. Alipoondoka nilihisi nimetua mzigo, wallahi, nikaimba hata kaswida.

Majibu yalisomwa baada ya wiki tatu, ofisi imejaa mpaka madirishani. Theonest akasoma. Vimelea: hakuna. Uchafu: hakuna. Rangi: hakuna. Kulikuwa na sehemu ya harufu, nayo ilikuwa imejazwa kwa kalamu: nzuri. Akasema katika visima vyote walivyopima hawajaona kama hiki. Maji ya daraja la kwanza.

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti Abdulrahman akauliza taratibu, "Na lile fungu?" Akajibiwa fungu linakwenda kwa wenye shida, sie hatuna shida. Likaenda ng'ambo ya bonde, mtaa wa Mzee Valerian, ambaye kisima chake kimezamishwa ndani mara mbili ya changu na hakina choo hata kimoja karibu. Wanasema alisuuza chupa zake za sampuli kwenye ndoo ya bata wake. Mie sikuona, sisemi.

Nilijua nitalaumiwa. Nilijiandaa kwa matusi ya wiki moja, mbili, halafu tuendelee kuchemsha kama zamani. Kumbe sikujua ninachokifanya. Cheti kile kikaletwa kwenye fremu ya kioo. Mfuko wakasimika na bango barabarani: KISIMA CHA MFANO, MAJI SALAMA. Na watu wangu, ambao kwa miaka yote walikuwa wanachemsha bila kuambiwa na mtu, wakaacha kuchemsha.

Wachemshe nini, wakati cheti kinasema? Mkaa wenyewe mnaujua bei yake. Bodaboda wakaanza kuja na madumu kutoka Mbande. Mama lishe wa kituoni akaandika ubaoni, "Tunapikia maji ya daraja la kwanza." Polikarpo ndiye aliyenimaliza kabisa. Siku ya kwanza alinuna. Siku ya pili akagundua kwamba kama maji ni safi, basi choo chake hakivuji. Miaka tisa anatazamwa kwa jicho la pembeni, leo serikali imemsafisha. Akawa anatembea mtaani kifua mbele. "Choo changu kimepimwa," anamwambia kila mtu. "Kimepimwa maabara."

Na Marietha akaja kwangu, jioni moja, peke yake. Alikuwa na mimba nyingine, ya miezi minne, ndiyo kwanza imeanza kuonekana. Akapiga magoti pale mkekani.

"Bi Naima, nimekuja kuomba radhi."

"Radhi ya nini, mwanangu?"

"Yule mtoto alipotoka, moyoni nilisema ni maji yako. Sikumwambia mtu, hata Polikarpo. Kila nikipita hapo bombani nilikuwa nakulaani wewe na marehemu. Sasa nimeona cheti. Nisamehe, bibi."

Jamani. Ilikuwa pale pale, neno moja tu lilitakiwa, na mie nikamwinua, nikamwambia yamekwisha, mwanangu, yamekwisha. Nikampa na maji ya mtungini akanywa. Alipotoka nilikaa chini, nikajiona mtu mchafu kuliko mashimo yote saba.

Asubuhi yake nikaanza kusema. Nikasimama bombani, kila anayekuja kuchota namwambia: chemsheni haya maji. Mwanzo walicheka. Nikawaambia ukweli wote, mtungi, ubani, chupa. Wakatazamana. Mama lishe akasema, "Bibi sasa ameona bodaboda wamekuwa wengi, anataka kuyafungia maji." Mwingine akasema nataka nianze kuuza. Nikaenda kwa Polikarpo, nikamkuta anapiga tezo kwenye mpingo, nikamweleza. Hakunyanyua kichwa.

"Bibi, kwa hiyo choo changu kinavuja?"

"Kinavuja, Polikarpo. Vyote vinavuja."

"Maabara wanasema hakivuji. Wewe una maabara?"

Nikamwambia basi mwambie mkeo achemshe, hilo tu, nakuomba. Akasema Marietha ana akili zake. Marietha mwenyewe nilipomfuata alinikumbatia. Alidhani namwonea huruma kwa ajili ya lile la radhi, kwamba najisingizia ili asijisikie vibaya. "Usijitese, bibi," akaniambia, "nimeshajisamehe na mie." Sijawahi kutamani kumnasa mtu kibao kama siku ile, kwa mapenzi.

Nikapanda gari mpaka ofisi ya Mfuko, huko mjini. Theonest akanipokea vizuri, akaniletea kiti. Nikasema yote. Nilimwona rangi inamtoka usoni, maana yeye ndiye aliyenipa chupa nimjazie.

Akafunga mlango. "Mama, ripoti imeshasainiwa. Imeshapanda juu."

"Ishusheni."

"Haishuki, mama. Kupima upya ni mpaka mwaka mwingine wa fedha, na kunahitaji sababu."

"Si sababu ndiyo hii mie?"

Akasema niandike barua. Nikaandikiwa na mjukuu wa Abdulrahman, kurasa mbili, nikaweka na dole gumba juu ya sahihi ili wasije wakasema si yangu. Nikangoja mwezi na nusu. Jibu likaja, lina mhuri. Linasema Mfuko umepokea barua yangu kwa furaha, na kwa kutambua mchango wa Bi Naima, kilele cha Wiki ya Maji kwa eneo letu kitafanyika kisimani kwangu, na mgeni rasmi atakunywa glasi ya maji hadharani. Nadhani waliisoma bahasha tu.

Siku ilipofika mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha siku nne mfululizo, halafu likaja jua la kupasua kichwa. Yakafungwa maturubai, viti vya plastiki, spika, singeli mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Zikagawiwa fulana zenye picha ya tone la maji linalocheka. Nikavalishwa na mie, juu ya gauni. Asubuhi nilikwenda bombani nikachota glasi, nikainua kwenye mwanga. Rangi ilikuwa imeshaanza kubadilika.

Mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa Mfuko, akachelewa masaa mawili. Marietha alikuwa amesimama mbele kabisa na kina mama wengine, miezi saba sasa, jasho linamtiririka, anajipepea na ratiba. Nikaita wampe kiti. Wakasema viti ni vya wageni.

Wageni wakaja. Hotuba, makofi. Emsii akanipa glasi na sinia, akaniambia nikinge bombani watu waone kwa macho yao. Nikakinga. Kisha akanipa kipaza sauti niseme neno la shukrani.

Nikasema, "Mheshimiwa, shikamoo. Maji haya usinywe."

Nikaendelea.

"Yale yaliyopimwa yalikuwa ya mtungini kwangu. Niliyachemsha, nikayachuja, nikafukiza ubani. Niliona aibu. Haya ya bombani yana vinyesi vya nyumba saba. Tupimieni upya."

Emsii akapasua kicheko kwenye spika. "Bibi zetu wa Pwani bwana! Kwa utani hawajambo!" Turubai zima likacheka. Mgeni rasmi naye akacheka, akanipigapiga begani, akasema anapenda wazee wachangamfu. Nikageuka kumtafuta Theonest. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Mgeni rasmi akainua glasi. Wapiga picha wakajipanga. Mie nilikuwa hatua moja kutoka kwake, nikaona. Aliigusisha mdomoni, akainamisha kichwa, koo halikucheza. Maji hayakupungua hata kidogo. Alipoishusha, msaidizi wake alikuwa ameshamfungulia chupa ya maji ya dukani chini ya meza. Akanywa hiyo nusu nzima, alikuwa na kiu kweli. Glasi yangu ikawekwa pembeni juu ya sinia. Makofi yakalia, singeli ikarudishwa, magari yakawashwa.

Basi yule mtu hakuhitaji kuambiwa na mie. Aliyajua kabla hajateremka kwenye gari.

Wageni wakaondoka. Watu wakasogea mbele kuangalia viti vya wakubwa na maua. Na Marietha, aliyesimama juani tangu asubuhi, akaiona ile glasi imejaa, haina mwenyewe. Akanitazama, akatabasamu, kama anayeomba ruhusa kwa mama yake. Akaiinua.

Nilikuwa mbali naye meza nzima. Sijui nilifikaje. Nilimpiga ule mkono kwa nguvu zangu zote, glasi ikaruka ikapasukia kwenye ukuta, maji yakatumwagikia wote wawili.

Spika ilikuwa bado inalia, mtu akaizima. Mie, mtu wa Pwani, mtu mzima, kwenye sadaka ya mume wangu, nimempokonya maji mwanamke mwenye mimba akiwa na kiu. Hata adui hafanyiwi hivyo. Niliwaona wanawake wameshika vinywa. Polikarpo alikuja mbio, ngumi imekunjwa, akafika mbele yangu akasimama. Alinitazama usoni, nilikuwa nalia mpaka kamasi, na ile ngumi ikafunguka yenyewe.

Marietha alikuwa ameshika mkono wake unaouma. Akasema polepole, "Kwa hiyo ni kweli."

"Ni kweli, mwanangu."

"Na yule wa kwanza?"

Sikuwa na pa kukimbilia tena. "Na yule," nikasema.

Hakulia. Akashika tumbo lake kwa mkono ule mwingine, akanipita, akaenda bombani palipokuwa na ndoo yake, ameikinga tangu asubuhi akaifunika na kanga. Akaifunua, akaiinamisha ikamwagika yote njiani. Mama lishe akamwangalia. Halafu naye akaenda kumwaga lake, dumu la lita ishirini. Akafuata mwingine, na mwingine, matope yakatapakaa mpaka chini ya maturubai. Polikarpo akaingia uani kwangu bila hodi akazima pampu.

Nikakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, na ile fulana yangu ya tone linalocheka, nikawa natazama sadaka ya Mwinjuma inavyomwagwa ndoo moja baada ya nyingine. Na kila aliyesita, akanigeukia kwa macho, mie mwenyewe ndiye niliyemwambia, mwaga.